Macho ya Nguruwe wa Unga

Jumamosi, 13 Januari 2007

Unga umenitii leo. Nimeukanda mpaka bega limeuma, Bi Lan akaubonyeza kwa kidole na kunguruma. Kwa Bi Lan kunguruma ni sifa. Asiporidhika hupiga kofi. Haupigi unga, anapiga mkono wako.

Tumetengeneza samaki na nungunungu. Magamba ya samaki unayachora kwa kifuniko cha kalamu, mapezi kwa chanuo. Nungunungu unamkata miiba kwa ncha ya mkasi, mmoja mmoja, kabla unga haujaanza kulegea. Miiba sasa naijua. Macho anatia Bi Lan. Siku ya kwanza aliponikalisha kwenye meza hii alinipa bakuli la maharage meusi, nitie macho mimi. Nikalirudisha. Hakuuliza, nami sikueleza, na ningeeleza kwa lugha gani? Yeye ana Kichina chake, mimi nina Kiswahili changu na Kiarabu cha jikoni. Tangu hapo mwili naufinyanga mimi, macho ni yake.

Mara ya kwanza nilicheka. Mikate yenye sura! Haiokwi, inapikwa kwa mvuke, inatoka myeupe na laini kama shavu la mtoto. Wachina wenye maduka hapa Naif, Dubai, huja kuichukua mtoto akizaliwa, mzee akiongeza umri, watu wakioana. Sasa sicheki. Bi Lan ni mama mkwe wa bosi, na mikono yake ina akili kuliko vichwa vingi ninavyovijua.

Mkahawa huu nilikuja kuosha vyombo. Viwiko vilipoanza kumsumbua Bi Lan ndipo akanitoa kwenye sinki kwa kunishika kola. Kola hasa. Sirudi sinki.


Jumatatu, 15 Januari

Habari mbaya. Bi Lan anarudi kwao. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na mganga wake yuko huko. Mwaka mpya wao utamkuta hospitali. Huenda asirudi tena.

Bosi ameniambia huku anapima ukuta kwa futi kamba. Anapima meza yetu. Anataka kuiondoa, abomoe kiambaza cha mbao, aweke meza mbili za wateja. Mikate ya sura atanunua iliyogandishwa, wapo wanaoileta kwa kontena.

Nikamuuliza, na mimi? Akasema visa yangu inaisha mwezi wa tatu na mwoshaji anaye tayari. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikamwambia, "Sir, mwaka mpya wenu nitaufanya mimi." Kila kitu, kama kila mwaka. Ikipendeza, meza inabaki na mimi nabaki. Akakuna shingo. Akafikiria wateja wake. Akasema haya, lakini ukiharibu, khalas. Hilo khalas, yaani basi imekwisha, alilisema kwa furaha, nadhani ndilo neno la Kiarabu analolipenda.

Nimekasirika mpaka nimesugua masufuria ambayo si yangu.


Jumatano, 17 Januari

Sitaki huruma. Nataka meza.

Nikirudi Wete najua kinachonisubiri. Chumba cha uani kwa kaka, na wifi anayeangalia kijiko changu cha sukari kinavyojaa. Nitakuwa Saumu aliyeachwa. Hapa nimelea watoto wa madam mpaka wameanza shule, na siku nilipoondoka hakuna aliyeinua uso kwenye runinga. Kisha sinki. Hii ndiyo meza ya kwanza Dubai ambapo mtu amenifundisha badala ya kunituma. Siiachii viti.


Ijumaa, 19 Januari

Nimefanya kosa la Kipemba. Mkono wa kwetu hauwezi kuona unga wa ngano na sukari ukanyamaza. Nikatia iliki. Kidogo tu, nikidhani nawafanyia ihsani. Bi Lan akanusa, akamega, akatafuna. Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaufunga unga wote kwenye mfuko, akanisukumizia kifuani. Upeleke kwenu.

Nimeupeleka kwetu. Kwetu ni chumba kimoja, vitanda vitatu na mapazia. Mwanahawa wa Mombasa ndiye mkubwa wetu, anafungasha viungo ghala moja la Al Ras, na nguo zake zinanuka karafuu hata baada ya kufuliwa. Prossy ni Mganda wa Masaka, mlinzi wa hoteli, mlokole, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Tunakula sinia moja. Mwanahawa akaonja samaki wangu wa iliki na chai, akasema amekosa tui tu. Hao samaki hawakuwa na macho. Hakuna aliyeuliza.


Jumapili, 28 Januari

Ameondoka leo asubuhi.

Wiki nzima amenipigisha kazi kama punda. Kanda. Acha uumuke. Kanda tena utoe pumzi zote, hata tundu moja usiliache. Finyanga. Acha upumzike. Mvuke. Zima moto, na baada ya kuzima usiguse kifuniko, kaa mbali. Hilo la kifuniko amelirudia kwa kunishika vidole.

Ameniachia chanuo chake na donge. Donge la unga wa jana, ndiyo chachu yake. Kila siku unabakiza kipande, kesho unakichanganya na unga mpya. Yeye amelitunza hilo tangu afike Dubai. Alilitia kiganjani kwangu akanifumba vidole kwa mikono yake yote miwili. Ana macho yenye ukungu. Nilitaka kulia, nikaona aibu, nikamshikia begi mpaka kwenye teksi.

Bakuli la maharage meusi liko rafuni. Nimelisukuma nyuma mpaka ukutani.


Alhamisi, 1 Februari

Nimefunua mapema.

Nilijua. Nilikuwa nimezima moto, nimekaa mbali, na mkono ukaenda wenyewe. Kwetu mwanamke asiyefunua chungu akachungulia si mpishi. Samaki wakanywea mbele yangu, mmoja baada ya mwingine, wakakunjana kama nyuso zilizolamba ndimu. Ngozi ngumu. Hawafai hata kwa paka.

Bosi akapita. Akatazama trei. Akaenda zake. Mchana zikaletwa meza mbili mpya, zimefungwa nailoni, zikaegemezwa ukutani nyuma ya mgongo wangu. Nikikanda nazisikia nailoni zikichakacha kila feni ikigeuka.

Nimefanya upya. Safari hii nimekalia mikono yangu.


Jumamosi, 3 Februari

Samaki wa mazoezi, wasio na macho, wametoka salama. Nungunungu pia. Yale matunda ya pichi ya unga, ya wazee wanaoongeza umri, yenye ncha nyekundu, mazuri kupita ya Bi Lan, na ninasema hivyo kwa kuwa hayupo.

Kisha oda ya mkesha wa mwaka mpya ikaja. Wenye maduka wamekubaliana kula pamoja hapa kwetu tarehe kumi na saba. Wanataka samaki, matunda, maua, na nguruwe. Nguruwe wengi, na mmoja mkubwa wa katikati ya meza. Mwaka wao unaoingia ni wa nguruwe. Kila mwaka una mnyama wake, na mimi zamu yangu imeniangukia huyu.

Nimecheka peke yangu jikoni. Mkahawa huu leseni yake hairuhusu nguruwe hata ukwato. Wa kwanza kuingia ataletwa na mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani wa Wete.


Jumapili, 4 Februari

Nimewaambia wenzangu. Kosa.

Prossy alipiga makofi. Mwanahawa aliweka chini tonge. "Mikono unayotawadhia ndiyo hiyo hiyo utamfinyangia nguruwe?"

Nikasema ni unga. Unga, maji, sukari. Akasema unga ndiyo, na sura je? Nikasema hata mtoto akichora ng'ombe hajachinja. Akasema mimi si mtoto. Hapo alinipata.

Jioni amekula peke yake, sahani yake, amegeukia dirisha. Sinia letu limebaki na watu wawili. Imeniuma kuliko nilivyotegemea. Nimeudhika naye, na zaidi nimeudhika kwamba hajasema uongo wote.

Marehemu baba alikuwa hivi. Tulitengeneza wanasesere wa makuti, akituacha. Mikono sawa, miguu sawa, nguo sawa. Akikuta tumewatia macho ya mbegu, anakaa chini kimya, anayanyofoa moja moja, anaturudishia. Chezeni. Kiumbe kwa macho ndipo anapokutazama, alisema, na mwenye kutazamisha ni Mungu. Sikupata kumbishia. Ndiyo maana bakuli la maharage nililirudisha. Si uchamungu mkubwa. Swala ya alfajiri naikosa mara ngapi! Ni kwamba kila nikishika lile haragwe naona vidole vya baba.

Basi nimeamua. Nguruwe nitamfanya. Macho simtii. Unga usio na macho ni mkate.


Jumanne, 6 Februari

Sijawahi kumwona nguruwe karibu. Pemba ningemwonea wapi? Nimefanya kwa picha ya kalenda aliyonipa bosi. Nimetengeneza wa kwanza, nikamleta chumbani kwenye kopo la biskuti.

Prossy alimgeuza huku na huku. "Banange! Saumu, hii ni mbuzi."

Nikamwambia aangalie vizuri. Akaangalia vizuri. Mbuzi, tena amefiwa.

Kwao Masaka mama yake amesomesha watoto kwa nguruwe. Prossy aliwalisha, aliwaosha, aliwafukuza kwenye viazi. Akavua saa ya kazi, akaketi chini, akaniambia lete unga. Pua si ndefu, ni bapa kama kifungo cha shati, na matundu mawili. Masikio yanaangukia mbele, yanafunika uso kama anaona aibu. Miguu mifupi, haionekani, tumbo ndilo linakaa chini. Mkia mwembamba, mkunjo mmoja, usiongeze. Na shingo hana. "Nguruwe shingo inatoka wapi, nyabo? Kichwa inaingia tu kwa mwili."

Nilikuwa nimempa shingo. Ndiyo iliyomfanya mbuzi.

Mwanahawa alikuwa nyuma ya pazia lake. Najua hakuwa amelala kwa sababu hakukoroma.


Alhamisi, 8 Februari

Mvua leo, barabara ya Naif imejaa maji, wapagazi wanasukuma mikokoteni viatu mkononi. Jikoni baridi. Unga umekataa kuumuka. Nimevua sweta nikalivisha bakuli, kama Bi Lan alivyokuwa akilifunika kwa blanketi lake. Umepanda.

Nguruwe wa leo hawana shingo. Wananenepa kwenye mvuke, masikio yanalegea, wanatoka wamelala kama waliokula wakashiba. Nimewapenda. Nimeandika, siwezi kufuta.


Ijumaa, 9 Februari

Nimempelekea bosi nguruwe wa kwanza kwenye sahani, safi, pua ya kifungo, mkia mkunjo mmoja. Mke wake akasogea kutazama. Nilikuwa nasubiri sifa, sijifichi.

Mke wa bosi akarudi nyuma hatua, kiganja mdomoni.

Macho yako wapi? Bosi akauliza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu, kisha akajionyesha yake kwa vidole. Nikasema huyu ni bila macho. Akasema mwaka unaoingia bila macho ni mwaka kipofu. Utaingia dukani kwa mtu na kujigonga kila mahali. Hakuna mfanyabiashara atakayemweka huyo mezani mwake, na mama mkwe wake yuko hospitali kwa ajili ya macho, mimi nimeleta hili! Sahani ikasukumwa. Uso wa mke wake umenisumbua. Hakuwa na hasira. Aliogopa.

Hilo sikulijua. Wallahi sikulijua. Kwangu mimi kuyaacha macho ni kumstahi Mungu, kwao ni kuwaapiza. Nilikuwa najenga ukuta upande wangu na upande wao unawaangukia.

Lakini sikumwambia nitatia. Ulimi ulikuwa tayari, nikaufunga. Bosi akasema nina siku mbili, macho au khalas.

Prossy amejitolea kuja kuyatia yeye, kwake si tatizo. Haiwezekani. Visa yake ni ya kampuni ya ulinzi. Mkaguzi akimkuta jikoni kwetu ni balaa kwake, kwa bosi na kwangu. Nimemkatalia. Kanuna na yeye. Chumba kizima sasa kimya, kama tumefiwa na yule mbuzi.


Jumamosi, 10 Februari

Nimewaza nikikanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sawa. Lakini nimeshainama kwa madam, nimeinama kwa sinki, nimeinama kwa nguruwe. Nikiinama tena leo nitakuwa nimelala chini.

Ningeweza kuyatia nikatubu. Wengi wangefanya hivyo na sitawahukumu. Mimi najijua. Ningeyatia, meza ningeipata, na kila asubuhi ningekaa kwenye meza niliyoipata kwa kumnyofolea baba vidole.

Na meza siiachi vilevile. Yote mawili. Ndiyo, mimi ni mbishi. Mume wangu aliniacha kwa hilo, angalau linifae mara moja.


Jumapili, 11 Februari

Nimekwenda kwa bosi kabla hajanifuata. Nimemwomba ampigie Bi Lan simu.

Hakutaka. Nikasimama mlangoni pake mpaka akapiga.

Sauti ya Bi Lan nimeisikia kutoka nilipokuwa, bosi ameshika simu mbali na sikio. Alisema sana. Bosi alijibu kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu akawa anaitikia tu kama mtoto aliyekutwa na sukari kinywani. Mwisho akaweka simu mezani.

Amenieleza hivi. Bi Lan anasema aliona tangu siku ya kwanza kwamba Saumu hayuko radhi kushika macho, na kila mtu ana mlango asioingia, hakuona haja ya kuuliza. Anasema mwili wa mkate ni wa mwenye mikono. Macho ni ya mkubwa wa nyumba. Kwao aliyatia babu yake, kisha mama yake, hapa aliyatia yeye. Anauliza, yeye akiwa hayupo mkubwa wa nyumba hapo ni nani? Na kama mkubwa huyo hajui kushika haragwe, hilo ni tatizo la Saumu?

Bosi masikio yalikuwa mekundu.

Nimekwenda stoo nikacheka na gunia la mchele. Kisha nikalia kidogo. Kisha kazini.


Jumanne, 13 Februari

Bosi hajasema ndiyo wala la. Anapita, anatazama unga, anapita. Meza mpya bado zimeegemea ukuta.

Mimi nafanya miili. Naipika mifano, naitupa, nafanya tena. Yule mkubwa ananisumbua, akiwa mzito anapasuka mgongoni. Leo amepasuka mara mbili. Bi Lan akiona ufa kwenye mkate hasemi umepasuka, hutoa meno akaonyesha, maana yake umecheka. Mimi sitaki acheke. Nitamkanda mpaka asiwe na pumzi ya kuchekea.

Mwanahawa ameniamkia leo asubuhi. Salamu tu. Nimeipokea kwa mikono miwili.


Ijumaa, 16 Februari

Nimepata dawa ya yule mkubwa. Aumuke polepole, apumzike mara mbili, na mvuke uanze maji yakiwa baridi. Hakupasuka.

Nimemwambia bosi kesho asubuhi saa tatu. Meza ya unga. Anawe mikono na avue pete. Sikusema tafadhali. Nilikuwa nimechoka.


Jumamosi, 17 Februari

Amekuja.

Amekuja na aproni ya Bi Lan, imemfika nusu ya mapaja. Amekaa kwenye kigoda cha Bi Lan. Mbele yake trei za samaki, na trei za nguruwe, weupe, vipofu, masikio yameangukia mbele. Nikashusha lile bakuli la maharage kutoka rafuni nikaliweka mkono wake wa kulia. Sikuligusa haragwe hata moja.

Bosi huyu ni mtu wa simu mbili na kikokotoo. Haragwe la kwanza lilimponyoka likaenda chini ya friji. La pili akalisukuma kwa nguvu mpaka pua ya nguruwe ikabonyea.

Nikampiga kofi la mkono.

Sikukusudia. Naapa mkono ulikwenda wenyewe, kama ule wa kifuniko. Mwoshaji kule kwenye sinki akafunga bomba. Nikajiona tayari kwenye ndege ya kurudi Pemba, begi magotini.

Bosi akautazama mkono wake. Halafu akatoa sauti moja kutoka tumboni, nikadhani ananguruma, kumbe anacheka. Akasema kitu kwa Kichina, mke wake mlangoni akacheka na yeye, akanifasiria. Bibi yake alikuwa akimpiga hapo hapo. Pale pale, mfupa ule ule. Alikuwa mtoto, anadokoa maharage ya macho anayala.

Akarudi kwenye trei. Alitia macho polepole, ulimi nje kidogo. Jozi ya kwanza makengeza. Ya pili afadhali. Alipofika kwa yule mkubwa alijifuta vidole kwenye aproni, akavuta pumzi, akamtia haragwe la kushoto, akalitazama, akamtia la kulia. Nilikuwa nimegeukia jiko. Nilisikia tu aliposhusha pumzi.

Mvuke. Maji baridi. Nikazima moto, na mkono wangu ukataka kwenda, nikautia mfukoni. Bosi naye akasimama aende kufunua. Nikamtazama. Akakaa.

Hakuna aliyenywea. Hakuna aliyepasuka. Wateja wamepiga picha kwa simu zao, wamemnyanyua yule mwenye makengeza, wamegombea nani aende naye dukani kwake. Watoto wamekula masikio kwanza.

Miguu siisikii kwa kuchoka. Nina furaha chafu, ya kiburi, na leo sitaitubia.


Jumapili, 18 Februari

Nimelala.


Jumatano, 21 Februari

Mkahawa ulifungwa siku tatu, leo tumefungua. Nimekuta nafasi ukutani nyuma ya meza yangu. Meza za nailoni hazipo, bosi amezirudisha dukani. Hakuniambia. Alinipa fomu ya visa niweke sahihi, akaendelea kuongea na simu. Kabla sijatoka akafunika simu kwa kiganja akauliza tena lini unga, yaani lini tena kuna macho ya kutia. Nikasema mtu akizaliwa au mzee akiongeza umri, nitamwita.

Bi Lan ameondolewa bandeji jicho moja. Mke wa bosi alimtumia picha. Jibu limekuja kwamba yule wa katikati mkia umezidi mkunjo nusu. Ni kweli umezidi.

Prossy nimemtengenezea mbuzi, na shingo yake ndefu. Amemweka juu ya kabati hataki aliwe.

Niliporudi chumbani sinia lilikuwa chini, vijiko vitatu. Mwanahawa amepika wali. Kando ya kitanda changu kulikuwa na mfuko wa karatasi unaonuka karafuu, ndani yake kunazi kavu, nyekundu, zile kubwa ambazo Wachina huzitia kwenye mikate. Amezitoa Al Ras, ghalani kwao.

"Za maua," alisema, anachota wali. "Maua hayana macho ya kunitazama. Nitakula."

Nimesema asante. Kesho nitafanya ua, tabaka mbili, kunazi kila jani. Donge nimelibakiza, nimelifunika kwa sweta.